Noboli ya spina wa kuazimwa

Kwenye kriketi mimi kazi yangu ni kubati, yani kupiga mpira jamani, spini, kurusha mpira wa polepole unaozunguka, huwa naitwa tu pale mabola wenyewe, wale warushaji, wameshachoka na kapteni hana pa kukimbilia. Sasa juzi nikapewa ova moja, yani mipira sita, mpira wa tatu mpigaji kaupeleka juu, kadakwa, mi nishaanza kushangilia, kumbe refa kanyoosha mkono pembeni, noboli, yani nimerusha kimakosa na mpigaji hatoki!

Yani spina natembea hatua nne tu nikapitiliza mstari, aibu gani hii. Sheria haitaki makubwa, wakati mguu wa mbele unatua, hata kama ni kisigino tu, hata kikiwa hewani, kiwe nyuma ya mstari ulio sentimita 122 mbele ya wiketi, zile fimbo tatu, basi. Bola wa kasi namuelewa anakuja mbio, lakini mimi?

Na hasara yenyewe si ile ran moja, yani pointi, mpira unarudiwa, na kwenye mechi za ova chache wanapata frihiti juu, yani mpira unaofuata anapiga bila hofu, hata ukigonga wiketi zake hatoki. Afu ule unaoteleza mkononi ukapita juu ya kiuno bila kudunda nao noboli, tangu 2017 hata ukiwa wa polepole. Huo nilirusha mpira uliofuata.