Siku moja ya dalali wa nyumba Dar

Saa 12:40 asubuhi. Simu ya kwanza ni ya mama mmoja wa Tabata Segerea anayeuza nyumba waliyoachiwa na marehemu mumewe. Fundi kamwandikia makadirio ya milioni 9: tailizi sebuleni, dari ya jipsamu, makabati ya jiko, rangi ndani na nje. "Mwanangu, nianze na lipi?" Namwomba asitoe hata senti, nakuja.

Saa 2:15. Shikamoo, marahaba, chai na chapati. Kwanza karatasi: mahakama imeshamteua kuwa msimamizi wa mirathi, barua naiona kwa macho yangu. Bila hiyo tungekuwa tunapaka rangi nyumba isiyouzika.

Wenye nyumba wote hunipeleka sebuleni. Mimi naanzia nyuma, ukuta wa bafu. Pale chini, karibu na sakafu, rangi imevimba na kubanduka, unga mweupe umetanda. Nasukuma ufunguo kwenye lipu, unazama bila kubishana na mchanga unanimwagikia viatuni. Chumvi hiyo. Maji yanapanda kutoka ardhini, yakikauka yanaiacha ukutani, nayo inaitafuna lipu taratibu. Fundi alipanga kupaka rangi juu yake! Kwa masika hii, mwezi usingeisha kabla haijavimba tena.

Tunakubaliana: maji ya bafu yanayotuama nyuma ya ukuta yaelekezwe kwenye chemba ya majitaka, lipu ibomolewe mpaka juu ya alama ya unyevu, ukuta ukauke, kisha ipigwe mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Tailizi tunafuta. Jipsamu tunafuta.

Mama hajafurahi. "Nani atanunua nyumba yenye sakafu ya sementi nyekundu?" Atakayeinunua, mama, ataweka anachopenda mwenyewe.

Saa 4:50. Kimara, baada ya foleni ya kutosha. Mwenye nyumba yuko Mwanza, tunaonana kwa video. Dari ina madoa, kwa hiyo anataka kuezua paa zima. Fundi wangu anapanda: bati ni zima, kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, hazina mchwa. Mipira ya misumari ndiyo imekauka na kupasuka, maji yanapenya hapo. Misumari ibadilishwe, basi. Madoa ya dari yapigwe rangi ya mafuta kwanza, maana ukipaka ya maji peke yake doa litajitokeza tena.

Saa 7:00. Wali maharage.

Saa 9:00. Kinyerezi, wanunuzi mume na mke. Usiku mvua ilinyesha, na wajanja huchagua siku kama hii. Mume anafungua mabomba, anavuta maji chooni, anainua mfuniko wa chemba, anauliza kama LUKU, mita ya umeme, ina deni la kodi ya jengo, ile inayokatwa humo tangu 2021. Mke anaingia jikoni. Makabati yana mwezi mmoja, bado yananukia gundi. "Haya tutayatoa," anasema. Mwenye nyumba kasimama mlangoni. Mimi nikajifanya nasoma hati.

Kilichowakera ni mlango wa uani. Haufungi mpaka uunyanyue. Mume kaujaribu, kaurudia, kamtazama mkewe. "Kama bawaba tu imewashinda, huko kwenye shimo la choo kukoje?" Wameondoka wakiwa wametaja bei ya chini kuliko waliyokuja nayo. Kuna pesa ya makabati iliyokosa kununua bawaba, na hayo ndiyo ninayoyaona kila wiki: watu wanatengeneza cha kupendeza, wanaacha kinachotia shaka.

Saa 2:00 usiku. Kijana wa yule mama anapiga. "Kaka, lakini tailizi zinaongeza bei." Namuuliza angeweka rangi gani. Kijivu. Mama yake alishaniambia anataka krimu. Na mnunuzi je? Kimya kidogo, halafu akacheka. Basi fundi aje kesho na patasi, rangi aiache dukani kwanza.