Kama Adamu asingetenda dhambi

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya jumuiya, tulijadiliana hadi usiku swali moja: kama Adamu asingetenda dhambi, je, Mwana wa Mungu angefanyika mwili? Mzee wetu, katekista wa siku nyingi, alisema kwamba maswali ya "ingekuwaje" hayamjengi mtu. Namheshimu sana, lakini katika hilo sikubaliani naye. Mwanateolojia Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliona kwamba kwa kuwa Maandiko hueleza ujio wa Kristo kwa sababu ya dhambi, inafaa zaidi kusema asingekuja, ijapokuwa uwezo wa Mungu haufungwi na jambo hilo. Mwanateolojia mwingine, Yohane Duns Scotus, mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko aliyefariki mwaka 1308, alifundisha kwamba Kristo alikusudiwa kwanza, dhambi iwepo au isiwepo. Dada mmoja akafungua Wakolosai 1:16, akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kwamba vitu vyote viliumbwa kwa ajili yake Kristo. Mimi naegemea kwa Scotus, kwa maana siamini kwamba upendo mkubwa kiasi hicho ulisubiri kosa letu. Hata hivyo, mbiu ya Pasaka, wimbo wa usiku wa mkesha wa Pasaka, inayoliita kosa la Adamu kuwa lenye heri kwa kuwa lilituletea Mkombozi, bado inanifikirisha.