Majani mawili na chipukizi

Asubuhi ile ya Julai 1997 sikuisikia kengele. Ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi nyuma ya bweni, na mlio wake ulifika hadi nyumba za walimu, lakini baridi ya Mufindi mwezi wa saba si ya kuchezea, nami nilikuwa nimejifunika blanketi gubigubi. Aliyeniamsha ni Kyela. Alikuwa ameshatoka, ameshasimama mstarini, akaona nafasi yangu iko wazi, akarudi mbio bwenini kunivuta mguu. Tulipofika uwanjani namba zilikuwa zimeshahesabiwa. Tukawekwa pembeni na wachelewaji wengine wanne.

Kyela halikuwa jina lake. Kidato cha pili tuliitana kwa makwetu. Mimi nilikuwa Ilembula. Yeye alitoka kule chini karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mpunga na kakao, ambako usiku mtu hulala na shuka moja na bado anatoka jasho. Ukingo wa ziwa hauzidi mita 500 juu ya usawa wa bahari. Sisi tulikuwa karibu mita 1,900. Mwalimu wa jiografia alituchorea tofauti hiyo ubaoni, na Kyela ndiye aliyekuwa akiipumua. Alikuwa na pumu. Usiku wa baridi kali kifua chake kilipiga filimbi hadi kitanda cha juu, kitanda changu, nami nilishazoea kulala nikiisikia.

Mwalimu wa zamu hakuwa mtu wa viboko, na kwa hilo tulimwona mwema. Adhabu yake ilikuwa kukimbia. Unavuka msitu wa misindano hadi shamba la chai, kama kilometa tatu, unachuma majani mawili na chipukizi lake kama wachumaji wanavyochuma, unarudi nayo mkononi. Upande wetu wa msitu hapakuwa na shina hata moja la chai, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudanganya. Wawili wa kwanza wanakwenda moja kwa moja kunywa uji. Wa mwisho anaosha masufuria.

Watu huchanganya jambo hili na mchakamchaka. Mchakamchaka tulikimbia kila siku shule nzima, na kulikuwa na nyimbo. Aliyechoka alibebwa na sauti za wenzake, na mwendo ulikuwa wa kundi. Adhabu haikuwa na wimbo. Kila mtu na pumzi zake. Na viboko, pamoja na ubaya wake wote, vina kanuni: ile ya serikali, iliyotoka baadaye mwaka 2002, inasema visizidi vinne, mkuu wa shule ndiye mwenye idhini, na viandikwe kitabuni. Kukimbia kwetu hakukuandikwa popote.

Kabla ya kutuachia, mwalimu aliuliza, "Kuna mgonjwa hapa?"

Kyela aliniangalia. Hakutazama mwalimu, alinitazama mimi. Aliyejisemea mwenyewe kwamba anaumwa aliitwa mtegaji na kuongezewa mzunguko. Aliyesemewa na mwenzake alau alisikilizwa. Nililijua hilo. Nikainama nikafunga kamba ya raba ambayo ilikuwa imeshafungwa. Nilitaka tuanze. Nilikuwa kwenye timu ya riadha ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mita 1,500, na kwangu ile haikuwa adhabu hata kidogo. Ilikuwa nafasi ya kuwaonyesha.

Nikawaonyesha. Nyasi za pembeni mwa njia zilikuwa nyeupe, umande umeganda, zikivunjika chini ya raba kama chumvi ya mawe. Ndani ya msitu kulikuwa na giza, na sindano zilizodondoka zilimeza vishindo hata nikawa sisikii aliye nyuma. Nilichuma majani yangu, nikageuka, nikapishana na wenzangu mmoja mmoja. Kyela nilipishana naye wa mwisho, bado hajautoka msitu. Alikuwa anatembea, mkono kifuani. Alinyanyua mkono mwingine kunisalimu. Sikusimama.

Uji niliukuta wa moto. Nilikunywa vikombe viwili. Wanne walirudi. Nikasikia kengele ya darasani ikigongwa, na wa mwisho hajafika, ndipo nikaondoka bila kumuaga mtu, nikakimbia njia ile ile.

Nilimkuta upande wa pili wa msitu, ukingoni mwa chai. Mama mmoja mchumaji alikuwa amemketisha juu ya kapu lililofudikizwa, amemwinamisha mbele, viwiko juu ya magoti, na kumfunika kitenge chake. Yeye mwenyewe alibaki na ile nailoni ya kukinga umande kiunoni, akitetemeka. Midomo ya Kyela ilikuwa na rangi ya zambarau lisiloiva vizuri. Kila alipovuta hewa, ngozi ya kooni ilizama ndani.

"Kamwene, mama," nikasema.

Hakuitikia. Alinitazama raba zangu, akanitazama usoni. "Ni mwenzako huyu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mbebe."

Nilimbeba mgongoni. Yule mama alitusindikiza mpaka mwisho wa msitu, akimshika mgongo asianguke, akimwambia polepole baba, polepole. Filimbi ya kifua chake ilikuwa sikioni kwangu njia nzima. Matroni alimpa vidonge vyake vilivyokuwa kwenye tranka siku zote, akamlaza kwenye chumba cha wagonjwa karibu na jiko la mkaa, mlango wazi. Mwalimu wa zamu alikuja akasimama pale mlangoni. Kyela akafungua kiganja. Majani mawili na chipukizi, yamesagika, yamemtia rangi ya kijani mpaka kwenye mistari ya mkono. Alikuwa ameyafikia. Mwalimu aliyapokea, akakaa nayo mkononi, akaondoka bila neno. Muhula ule hatukutumwa tena kwenye chai.

Siku ya tatu Kyela alirudi bwenini. Taa zilipozimwa nililala macho, nikitafuta pa kuanzia kumwomba radhi. Yeye ndiye aliyetangulia kusema, kutoka kitanda cha chini.

"Ilembula, uliuwahi uji siku ile?"

"Niliuwahi."

"Ulikuwa na sukari?"

Nikamwambia ulikuwa nayo.