Ukuta Ulioshikwa na Chumvi

Lion Salt Works, kiwanda cha zamani cha chumvi, iko Marston, kijiji cha jirani na mji wa Northwich, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ukingoni mwa mfereji wa Trent and Mersey. Ukoo wa Thompson ulianza kazi pale mwaka 1894, na moto ukazimwa kabisa 1986. Mimi nilifika kama seremala wa kibarua, majengo yakiwa yanakarabatiwa yawe makumbusho.

Watu wa pwani hushangaa kusikia chumvi inatoka mbali na bahari. Mimi nimekulia Kigoma, na Uvinza watu wamechemsha maji ya chemchemi wakapata chumvi tangu enzi za mababu, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa sana. Marston maji ya chumvi yalivutwa kwa pampu kutoka ardhini, yakajazwa kwenye karai kubwa la mabamba ya chuma, na chini yake ukawashwa moto wa makaa ya mawe. Chumvi iliganda juu ya maji kisha ikazama. Mafundi waliivuta kandokando kwa reki, wakaijaza kwenye viboksi itoke mabonge, halafu ikakaushwa. Ya miaka ya mwisho iliuzwa kwa wingi Afrika Magharibi. Nani ajuaye, pengine mabibi wa huko walikaangia samaki kwa chumvi ya Marston.

Kazi yetu ilikuwa kubomoa bila kubomoa. Kabla ya kugusa ubao unaupiga picha, unaupima, unaupa namba, unajaza fomu. Kalamu ya wino haikushika, kwani chumvi hunyonya unyevu wa hewa na siku za mvua ukuta mzima ulitoka jasho. Tukaandika namba kwenye vipande vya plastiki, tukavifunga kwa kamba ya nailoni.

Siku moja nilikuwa kwenye ukuta wa ndani, upande uliokuwa ukipigwa na mvuke wa karai. Nikachomeka mtaimbo nitafute msumari. Hakuna. Nikahamia ubao wa pili: tundu lenye vumbi la kutu, basi. Chuma kilikuwa kimeliwa chote, lakini mbao zilikuwa nzima, sauti yake ukizigonga ni kavu. Ila mbao hazikuanguka. Kwenye kila kiungo palikuwa na utando mweupe, mgumu, umepenya hadi ndani ya nyufa. Nilipoukwangua kwa patasi, ubao ukalegea mkononi.

Fomu iliuliza ubao umefungwa na nini: msumari, skrubu au boliti. Nikafuta zote tatu, nikaandika "chumvi".

Msimamizi akaniita. "Chumvi si kifungio," akasema. Nikamwambia, "Bosi, njoo uone." Akaja, akakwangua mwenyewe, ubao ukamdondokea kwenye buti. Akanyamaza kidogo, kisha akaagiza fomu za ukuta ule zirudiwe, safari hii kila kiungo kipigwe picha ya karibu kabla hakijaguswa.

Kuhusu kurudishia hatukukubaliana. Yeye alitaka skrubu za chuma kisichoshika kutu, na kwa usalama wa wageni hakukosea. Mimi nilitaka angalau kipande kimoja kiachwe na chumvi yake, kiwekewe tegemeo kwa nyuma. Tulibishana hadi chai ikapoa. Skrubu zikashinda.