Ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane, Valletta

Kwa nje, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane mjini Valletta, Malta, lina sura ya ngome kuliko ya nyumba ya ibada. Girolamo Cassar, mhandisi wa kijeshi, alilijenga kati ya mwaka 1573 na 1578 kwa ajili ya watawa wapiganaji wa Shirika la Mtakatifu Yohane, ambao mwaka 1565 walikuwa wamestahimili mzingiro mkali wa majeshi ya Waturuki. Minara miwili, mlango, ukuta usio na pambo: sikukawia hapo.

Ndani ni mambo mengine kabisa. Kila shubiri ya ukuta imejaa maua, malaika na misalaba ya ncha nane, vyote vimepakwa dhahabu. Kazi hiyo ya karne ya 17 ilisanifiwa na mchoraji Mattia Preti, na kilichonigusa zaidi ni kwamba nakshi hizo hazikufinyangwa kwa lipu zikabandikwa, bali zilichongwa katika mawe ya ukuta wenyewe, ukiwa umekwisha kusimama. Jiwe la chokaa la Malta hukatika kwa urahisi litokapo machimboni, kisha hewa hulikaza. Sisi wa mwambao tunaijua tabia hiyo katika matumbawe yaliyojengewa Lamu na Gedi, ndiyo maana nilisimama muda mrefu mbele ya nguzo moja nikifuata njia ya patasi.

Juu, dari yote ni maisha ya Yohane Mbatizaji, ambayo Preti aliyachora kuanzia mwaka 1661 hadi 1666 kwa rangi za mafuta zilizopakwa moja kwa moja juu ya jiwe. Kando ya madirisha ameketisha watakatifu na mashujaa wa Shirika, na vivuli vyao amevivusha hadi kwenye mapambo ya jirani, hata anayetazama kutoka chini huona sanamu za kuchongwa. Sakafu nayo ni mawe ya makaburi yapatayo 400, ya marumaru za rangi, yenye ngao za koo na mifupa inayoshika mundu. Viatu vya visigino vyembamba haviruhusiwi humo, na ni haki.

Baada ya wingi huo wa dhahabu niliingia katika ukumbi wa sala wa pembeni, ambako mchoraji wa Kiitalia Caravaggio alichora mwaka 1608 kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji. Turubai ina upana wa zaidi ya mita 5, lakini sehemu kubwa yake ameiachia ukuta wa gereza na giza. Karibu watu wote wamesongamana upande wa kushoto: Yohane yuko chini, upanga umekwisha kufanya kazi yake, na mnyongaji anachomoa kisu kilicho nyuma ya kiuno ili amalizie, bikizee ameshika kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili, na upande wa kulia wafungwa wawili wanachungulia dirishani. Kwangu mimi, utupu ule unatisha kuliko damu. Na katika damu hiyo ndimo mchoraji alimoandika jina lake, saini pekee ya Caravaggio inayojulikana katika michoro yake yote.

Alikuwa amepokewa shirikani mwaka huohuo, baada ya kukimbia Roma kwa kosa la kuua. Kabla mwaka haujaisha alifungwa, akatoroka kisiwani, na mwezi wa Desemba ndugu zake wa Shirika walikutana katika ukumbi uleule wakamfukuza akiwa hayupo.