Siku hizi hakuna aliyesema, kila mtu "ametumiwa"

Mnaikumbuka ile "nani kasema?" Kwetu mtu hakuwa anamwaga uvumi sebuleni halafu akaachwa aende zake. Ukisema baraza la mawaziri linavunjwa kesho, unaulizwa nani kasema. Ukijibu redioni, unaulizwa redio gani na taarifa ya saa ngapi. Ukisema umesikia kwa fulani, fulani anaitwa, akifika anakana, watu wanacheka mpaka usiku. Baba alikuwa na rundo la magazeti chini ya kitanda kwa kazi hiyo tu. Ubishi ukichacha anaingia chumbani, anatoka na vumbi mikononi na gazeti la miaka mitatu nyuma, anaweka kidole kwenye mstari, kimya. Na mtu alikuwa anashindwa! Anakubali kashindwa, anahamia ubishi mwingine. Miaka 11 niliyokaa ughaibuni, nilichokikosa kuliko vyote ni hicho: kubishana na watu wanaojua kushindwa.

Sasa nina miezi mitatu tangu nirudi. Magazeti hayapo, baba naye hayupo, hayo nilikuwa nayajua. Nisilolijua ni kwamba hata "nani kasema" ilizikwa naye. Siku hizi jibu ni moja: "Nimetumiwa." Na anayekujibu hivyo hajitetei wala hajidai. Katumiwa, yaishe. Umkamate nani?

Nianze na mjomba. Mjomba alikuwa fundi redio. Yeye ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka tisa, masafa mafupi ni nini na ya kati ni nini, na kwa nini usiku stesheni za mbali zinaingia vizuri kuliko mchana. Mtu huyo leo ananiambia kwa uso mkavu kwamba corona ililetwa na minara ya 5G. Nikamkumbusha: mjomba, si wewe uliyenieleza kwamba wimbi la redio halibebi chochote ila nguvu kidogo na ujumbe ulioupandisha juu yake? Kirusi ni kitu, kina mwili wake, kitapandaje kwenye wimbi? Na mbona ugonjwa ulifika hadi mahali ambapo mnara wa 5G hata mmoja haukuwepo? Akanitazama kwa huruma. "Yale yalikuwa mawimbi ya zamani."

Siwacheki wa kwetu peke yao. Aprili 2020 kule Uingereza watu waliichoma moto minara ya simu kwa imani hiyohiyo, na wale wamesoma bure tangu utotoni.

Tukahamia kwenye chanjo. Mjomba amekunja mikono ya shati, na kwenye mkono wa juu lile kovu la chanjo ya ndui linaonekana wazi, la mviringo, limebonyea kama alama ya kifungo. Nikamwonyesha. Hilo je? "Hiyo ilikuwa chanjo ya zamani. Ya kweli." Nikamsimulia habari za Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini lakini aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Akaugua, akapona, na baadaye akawa anazunguka kuwahimiza wazazi wachanje watoto polio. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ndui imekwisha. Nilidhani hapo nimemfikisha ukutani. Mjomba akauliza polepole: "Hayo umeyatoa wapi?" Nikasema nimesoma. "Kwenye nini?" Nikanyamaza, maana simu ilikuwa mkononi mwangu. "Basi na wewe umetumiwa."

Kwenye siasa ndiyo usiseme. Zamani mheshimiwa akinaswa na maneno yake alikuwa anasema amenukuliwa vibaya, na hapo walau anakubali kwamba alisema kitu. Sasa inatoka video, sura yake, sauti yake, mpaka kikohozi chake, na wafuasi wanajibu neno moja: akili mnemba. Yamekwisha. Mkutano huohuo wa sebuleni unameza video ya kutengenezwa jioni, asubuhi unaitema ya kweli. Nilidhani tatizo la mitambo hii litakuwa watu kuamini uongo. Kumbe imewapa wakubwa pa kujificha bure.

Hayo yote bado ningeyacheka. La mama ndilo lililoninyima usingizi.

Mama ana presha tangu kabla sijaondoka. Nilimletea kile kipimo cha kufunga mkononi, zawadi ya mtoto anayejiona amefanikiwa, nikamfunga mbele ya watu nijisifu kidogo. Kikasoma 181 kwa 107. Nikadhani kimeharibika njiani. Nikajipima mwenyewe, 122 kwa 78. Nikampima tena yeye, yaleyale. Wanaojua wanasema ikifika 140 kwa 90, na ikabaki hapo kila ukipimwa, tayari ni ugonjwa. "Mama, dawa unameza?" "Nameza." Jioni nikatafuta uzi kwenye droo ya cherehani, nikazikuta. Pakiti za miezi minne, amezipanga kwa tarehe, amezifunga raba, hata moja haijachanwa.

Hakunificha. Alitoa simu, akanitafutia sauti, akaniwekea sikioni kama anayenipa dawa. Mwanamume, sauti nzito, ya upole. Anajiita daktari, hataji jina, hataji hospitali. "Mama zangu, nisikilizeni, msiogope." Dakika sita na sekunde arobaini. Anaeleza kwamba vidonge vya presha vinakula figo taratibu, kwamba wenye viwanda wanajua, kwamba mwili una akili yake na ukiachwa unajisawazisha.

Ni kinyume kabisa. Kinachokula figo ni presha yenyewe, inapiga vile vimishipa vyembamba mwaka baada ya mwaka huku mwenyewe hasikii maumivu yoyote, hadi siku ya kiharusi. Na zipo dawa za presha ambazo madaktari huwachagulia wagonjwa makusudi kwa sababu zinazilinda figo. Nikamweleza yote hayo, kwa ukali, naungama. Mama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe unajua," akasema. "Lakini huyu ananiongelesha vizuri."

Halafu akanisimulia siku ya kliniki. Foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, zamu yake ikafika saa saba. Aliyemhudumia aliandika bila kuinua macho. Hizi asubuhi, hizi jioni, usiache. Anayefuata. Alitaka kuuliza kwa nini miguu inavimba tangu aanze kile kidonge kipya, akakuta mwenzake ameshakalia kiti. Miguu kuvimba ni jambo linalojulikana kabisa kwa baadhi ya dawa hizi, unabadilishiwa, mambo yanaisha. Hakuna aliyemwambia. Aliyemwambia kitu kuhusu vidonge vyake, kwa utulivu, bila kumharakisha, alikuwa mwongo. Dakika sita na sekunde arobaini. Simu zangu za Jumapili kutoka huko kwa watu zilikuwa hazifiki hapo.

Nikauliza hata hivyo, kwa ile sauti ya mtu aliyesafiri: hukujiuliza huyu ni nani?

"Baba, ile ya kwako nilijiuliza?"

Ya kwangu ipi? Akasimama, akaweka mkono kifuani, akavuta pumzi, akaibana. Midomo ikawa inahesabu. Nilikuwa nimeshamwona akifanya hivyo, tangu asubuhi yangu ya pili nyumbani, mlangoni, kabla jua halijatoka. Nilidhani ni dua, nikampita kwa adabu. Alipofika kumi akapumua, akatabasamu. "Mapafu salama."

Machi 2020. Nilikuwa nimejifungia chumba kimoja kule, naogopa, mwenzangu wa kazini akanitumia ujumbe kwamba ukibana pumzi sekunde 10 bila kukohoa basi huna corona. Ulizunguka dunia nzima, umebandikwa majina ya vyuo vikuu. Shirika la Afya Duniani ikabidi lieleze waziwazi kwamba si kweli, unaweza kubana pumzi vizuri tu na ugonjwa unao. Mimi niliurusha kwenye grupu la familia, sikuufikiria tena. Mwezi uliofuata WhatsApp wakabana, ujumbe uliosambazwa sana ukawa unakwenda sehemu moja tu kwa wakati. Kwa mama haikusaidia kitu. Yeye alitumiwa mara moja tu, na aliyemtumia ni mwanawe. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba ile hali ya dharura ya corona imekwisha, sikukumbuka kumwambia aache.

Kwa hiyo mnaotarajia kurudi, ushauri wangu huu, mkiupenda. Msimsahihishe mzee ndani ya grupu. Hatakujibu, ila wengine hawatasahau kwamba ulimvua nguo. Msije na takwimu. Msiseme "kule tulikokuwa", mtachekwa, na ni haki yao. Na kabla hujamwuliza mtu aliyatoa wapi, pandisha kidole kwenye simu yako mwenyewe mpaka mwaka 2020 ukaone uliyoyatuma. Mimi nimefanya hivyo. Nilifuta mengine, kisha nikaona haya, maana kwa wenzangu bado yapo.

Mama nilimrudisha kwa daktari, mwingine, tukamwambia ukweli kwamba aliacha dawa. Akambadilishia. Lakini nikijua mama yangu anavyosikiliza, siku hiyo usiku niliingia chumba cha pili, nikafunga mlango, nikamrekodia sauti. Polepole, bila ukali. "Mama yangu, nisikilize, usiogope." Ndiyo, nilimwigiza yule mtu, mpaka vituo vyake. Nikamweleza kile kidogo cheupe, nusu, asubuhi, na kwa nini. Dakika saba kasoro. Kila siku anaisikiliza, anameza. Juzi kipimo kilisoma 138 kwa 86.

Jana binamu yangu, ambaye hata grupu letu hayumo, amenirushia sauti. Ina vile vishale viwili, imesambazwa mara nyingi. Chini mtu kaandika: "Daktari wa ughaibuni. Wenye presha sikilizeni hadi mwisho." Nikafungua.

"Mama yangu, nisikilize, usiogope. Kile kidogo cheupe, nusu, asubuhi."

Nikampigia palepale, hata salamu sikumaliza, nikamwuliza kaipata wapi.

"Nimetumiwa," akasema. "Kwani vipi, na wewe una presha?"