Mizabibu ya New Mexico na maji ya zamu

Jumapili usiku, Albuquerque

Shemeji yangu hanywi pombe, ndiyo maana nilimwomba yeye anizungushe kwenye viwanda vya mvinyo vya New Mexico, jimbo la kusini-magharibi mwa Marekani. "Wewe onja, mimi nimeshika usukani," aliniambia, na kweli hakugusa hata tone. Mimi ni mtoto wa Dodoma, zabibu nimezila za barabarani tangu sijaanza shule. Hamu yangu ilikuwa kuona zinalimwaje mahali pakavu kuliko kwetu. Dodoma tunapata kama milimita 570 za mvua kwa mwaka na bado tunalia ukame. Albuquerque haifikishi hata nusu yake, na mji uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza tu midomo ilinipasuka.

Kila tulikoingia tulipokelewa na mwaka 1629. Ndio mwaka ambao watawa wawili, García de Zúñiga na Antonio de Arteaga, walipanda mizabibu huko Senecú, kijiji cha Wapiro, wenyeji wa pale, kusini mwa mji wa Socorro wa leo. Walichokuwa wanatafuta ni divai ya misa. Msafara wa kuwaletea mahitaji kutoka Mexico City ulikuja kila baada ya miaka mitatu hivi, na njiani ulitumia kama miezi sita. Mfalme wa Uhispania naye alikuwa ameshapiga marufuku mizabibu mipya kwenye makoloni tangu 1595, kulinda soko la wakulima wa kwake. Lakini altare haiwezi kukaa kavu miaka mitatu. Nilitabasamu kusikia hayo, maana na sisi ukiuliza habari za zabibu za Dodoma utapelekwa kwa mapadri wa misheni ya Bihawana.

Ila kadiri nilivyousikia huo mwaka ndivyo nilivyozidi kuguna. Unatajwa kana kwamba mzabibu wa watawa wale umeendelea kuzaa mpaka leo, wakati Senecú yenyewe ilishambuliwa na Waapache, wenyeji wengine wa huko, mwaka 1675 ikahamwa. Miaka mitano baadaye wenyeji wa vijiji vya Pueblo waliungana wakawatimua Wahispania, nao hawakurudi kwa miaka kumi na miwili. Halafu majina ya watawa tunayo, ya Wapiro hatuna hata moja, na sidhani kama watawa wawili walilima, wakachimba mifereji na kuvuna peke yao.

Mizabibu ilirudi baadaye. Familia za bonde la mto Rio Grande zilikuwa zinaikata fupi na kuifukia kwa udongo kila majira ya baridi isife kwa barafu, kisha zinaifukua joto likirudi. Kazi ya kuvunja mgongo hiyo! Kufikia 1880 New Mexico ilikuwa inatoa karibu galoni milioni moja za mvinyo kwa mwaka. Baada ya hapo yakafuatana mafuriko ya mto, marufuku ya pombe ya Marekani nzima kuanzia 1920, na mafuriko mengine mwaka 1943 yaliyosomba kilichobaki. Viwanda vingi unavyovikuta leo vimeanza mwishoni mwa miaka ya sabini au baada ya hapo. Kwa hiyo mvinyo niliokuwa naonja, kiumri, ni rika langu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa ya kuandika ukutani: watu wamepoteza kila kitu mara kadhaa, na kila mara akapatikana mtu wa kuchomeka vijiti upya.

Jumamosi tulikuwa Dixon, bonde dogo kwenye barabara ya kutoka Santa Fe kwenda Taos. Hapo mchana wote sikutaka kuondoka. Mama aliyekuwa anatumiminia aliniona nachungulia mfereji nyuma ya shamba, akaweka chupa chini akanipeleka. Mfereji ni wa udongo, upana wake unaweza kuuruka, na kwenye kila shamba kuna kilango cha bati unachoinua kwa mkono maji yaingie. Wanauita acequia. Una mkuu wake, mayordomo, ambaye kazi yake ni kupanga zamu ya nani afungulie lini, na kila mwanzo wa msimu wenye mashamba wanatoka na makoleo kuusafisha pamoja. Mpare angeona uongozi wa mfereji wa kwao na msaragambo wake, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wala asingehitaji mkalimani. "Ukifungua si zamu yako?" nikamuuliza. Akacheka tu, akasema kesi za maji huko hurithiwa kama mashamba.

Huko juu wanapanda zaidi zabibu chotara za Kifaransa zinazovumilia baridi. Adui wao mkubwa ni baridi ya Aprili: machipukizi yameshatoka, usiku mmoja tu wa barafu unayachoma yote. Ukame wenyewe hawauogopi sana, kwa kuwa mfereji upo na hewa kavu inawapunguzia ugonjwa wa ukungu kwenye majani.

Jioni tuligeuza. Tulirudi Albuquerque nikaonja mvinyo wa mapovu wa Gruet, ambao kwa maoni yangu ndio bora kuliko vyote nilivyokunywa safari hii. Gilbert Gruet alikuwa tayari anatengeneza shampeni kwao Ufaransa. Familia yake ikaja kupanda mizabibu Engle, kwenye jangwa la kusini mwa jimbo, mwaka 1984. Watu waliwaona wamechanganyikiwa. Siri ni usiku: mchana jua linapika zabibu zikawa tamu, usiku joto linashuka sana, ukali wake, ule uchachu, haupotei. Bila ukali huo mapovu hayana maana, unakunywa soda.

Misión, zabibu ile ile ya watawa, niliipata mahali pamoja tu. Rangi hafifu, tamu, haina makali. Wataalamu wa vinasaba wameshaitambua kuwa ni Listán Prieto ya Uhispania. Nilimaliza glasi kwa heshima.

Leo nimempigia baba mdogo, ana ekari zake za zabibu Hombolo. Habari za 1629 hazikumgusa hata kidogo. Alitaka kujua wanavuna mara ngapi. Nikamwambia mara moja kwa mwaka. "Mara moja?" Yeye anavuna mara mbili, Machi na tena Agosti. "Sasa hiyo baridi yote ya nini?" Halafu akageukia shida yake: matangi viwandani yamejaa na mchuzi wa zabibu, ile juisi ya kutengenezea mvinyo, hauna mnunuzi, hao Wamarekani wako hawauhitaji?